Jicho la Mzee Koinet

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikiamshwa ghafla nitakusimulia yote: rangi ya suti niliyovaa, harufu ya mbuzi aliyekuwa akichomwa nyuma ya hoteli, na uso wa mtu niliyemshinda. Ilikuwa siku ya mnada hapa Karatu. Siku hiyo nilimshinda Bingwa Mkuu wa sataranji, mtu aliyejulikana dunia nzima na wote wanaoupenda mchezo huo, na kabla jua halijatua nikaitwa layoni mbele ya watu. Layoni, kama hujui, ni kijana wa Kimasai ambaye hajatahiriwa. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, na stashahada.

Ngoja kwanza nikueleze mimi ni nani, maana vijana wa siku hizi mnaniona nikipita na fimbo yangu mnadhani nilizaliwa mzee. Nilizaliwa Endamarariek, mtoto wa sita wa mkulima wa mahindi na maharage ya ngwara. Sekondari nilijisomesha kwa mgongo wangu, na sisemi kwa mafumbo: nilibeba magunia ya vitunguu kule Mang'ola likizo baada ya likizo, hadi leo bega la kulia limeinama kidogo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikashindania nafasi ya kusoma ng'ambo, nikaipata, nikakaa miaka mitatu katika nchi ambayo maji ya ziwa hugeuka sakafu na watu wakatembea juu yake. Nikarudi na stashahada ya ufundi wa maji, mtu wa kwanza katika kata yetu nzima. Iko sebuleni kwangu katika fremu ya kioo, na kiti cha mgeni nimekiweka kikiitazama.

Debe shinda haliachi kutika. Najua unalisema moyoni. Sema tu. Lakini debe langu lilikuwa na maji, nawe utaniamini nikifika mbele.

Sataranji nilijifunza kwa sababu ya baridi. Bwenini kwetu kulikuwa na bomba moja tu la joto lililokuwa zima, na chini yake pamewekwa meza ya mchezo. Aliyetaka kuota moto ilimbidi acheze. Mwaka wa kwanza nilishindwa na kila mtu, mpaka mpishi. Mwaka wa pili nilichukua kombe la wanafunzi wa vyuo vya mji ule. Na ni pale, katika majarida ya zamani yaliyorundikwa dirishani, nilipokutana na Bingwa.

Jina lake silitaji, kwa kuwa halikuwa na haja ya mimi kulitaja. Nilisoma maisha yake kama wengine wasomavyo maisha ya watakatifu. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli. Akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa akiwapiga watu wazima katika mabaraza ya mji wao. Kabla hajaota ndevu vizuri alipewa cheo cha Bingwa Mkuu, kile ambacho wachezaji hukiita grandimasta, na juu yake hakuna kingine. Halafu yakaja mashindano: alishinda kusini penye bahari, akashinda kaskazini penye theluji, akashinda mara tatu mfululizo katika jiji ambalo kabla yake hakuna aliyeshinda hata mara mbili. Kila jarida liliandika jambo lilelile: mtu huyu huona peke yake kile ambacho wengine hawakioni. Maneno hayo niliyakata kwa wembe nikayabandika juu ya kitanda. Peke yake! Nikajiona mimi. Na mimi si nilitoka Mang'ola na gunia peke yangu?

Niliporudi nyumbani nilipewa kazi ya kusimamia kisima na mashine ya maji kule Olbalbal, chini ya milima ya kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo ukitema mate vumbi linakushukuru. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusubiri: kusubiri dizeli, kusubiri kipuri kutoka Arusha, kusubiri tenki lijae. Nikawa natandika ubao wangu juu ya pipa, nafungua kitabu, nacheza peke yangu pande zote mbili. Na kila ng'ombe walipofika kunywa, mzee mmoja wa Kimasai aliacha vijana wake wakisukumana na mifugo akaja kusimama nyuma yangu, mguu mmoja umekunjwa, fimbo kwapani, kimya. Huyo ndiye Mzee Koinet.

Mwezi wa kwanza hakuuliza kitu. Mwezi wa pili akaanza kuuliza, na hakukoma. Kwa nini huyu huenda kwa kupinda? Kwa nini hawa wadogo hawarudi nyuma? Kwa nini mfalme ndiye mwoga kuliko wote? Nilimjibu kama msomi amjibuvyo asiyesoma, polepole na kwa sauti kubwa. Yeye akawapa majina yake mwenyewe: farasi akamwita punda, maana hupiga teke pembeni, askofu akamwita mbuzi, maana huenda kingamokingamo. Ngome ile ya pembeni akaiita mlinda mlango. Nami nikajifunza lugha yao, Kimaa, kwa kuwa nilikuwa na akili na sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Siku moja nilimuuliza jambo la kijinga. Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya siku zake zilizobaki.

"Wapo," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, akaongeza, "Wewe Mmbulu, sisi hatuhesabu. Ukitaka kujua habari za zizi, uliza nani hayupo."

Nilicheka. Nikataka kumjaribu. Alipogeuka kumfokea kijana wake, nikaondoa askari mmoja ubaoni nikamficha kiganjani. Mzee aligeuka, akatupa jicho mara moja tu, kama unavyotazama nje kujua kama mvua imeanza. "Yule mdogo mbele ya mbuzi hayupo," akasema. Nikarudia mara nne, mara tano, kwa vipande tofauti. Hakukosea. Mimi mwenyewe, mwenye kombe la vyuo, nisingeweza. Nilijiuliza anafanyaje, nikajijibu kwamba ni mazoea ya mifugo tu, si akili. Ona jinsi kiburi kinavyomnyima mtu hata udadisi wake.

Jambo moja zaidi kuhusu Olbalbal, halafu tunarudi Karatu. Wazee wa boma lile walikuwa na mchezo wao wa mashimo na kokoto, unaoitwa enkeshui. Wanacheza wawili, lakini wanaozunguka hawanyamazi: huyu anasema chukua hapa, yule anasema acha, wanatukanana, wanacheka. Ushauri ni wa bure. Ila mchezo ukiisha, mshindi hainuki kabla hajasema jambo moja. Kama ushauri wa mtu ulimsaidia, anamgusa goti mtu huyo na kusema mbele ya wote, "Jicho lilikuwa la huyu." Niliwaona wakifanya hivyo mara nyingi. Nilidhani ni adabu tu, kama kusema asante.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa mjini Karatu, na hapo ndipo habari zikafika kwamba Bingwa anakuja. Alikuwa amestaafu, magoti yamemchoka, alitaka kuona kreta kabla ya kufa; alisema hivyo mwenyewe. Mwenye hoteli moja ya hapa mjini, mpenzi wa sataranji, akamwomba acheze siku moja na wenyeji. Akakubali kucheza na watu kumi na wawili kwa pamoja: sisi tunakaa kila mtu na ubao wake, yeye anazunguka, anacheza hatua moja hapa, anakwenda meza ya pili. Na akatoa ahadi. Atakayemshinda atamwandikia barua ya kualikwa kwenye mashindano makubwa ya nchini kwake, na atafikia nyumbani kwake. Mwanangu, yale ndiyo mashindano ambayo mtu huanzia safari ya kutafuta vyeo. Mtu wa Karatu bila barua kama ile angefika vipi? Nilijua kwamba nafasi hiyo haitapita mara mbili mbele ya mlango wangu. Kwa wiki tatu sikulala vizuri.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Wengi walikuja kutoka mnadani, na vumbi lao na fimbo zao, kuona Mzungu atakayepigana na watu kumi na wawili bila ngumi. Mzee Koinet alikuwa amekuja kuuza dume. Aliponiona akaja moja kwa moja kusimama nyuma ya kiti changu, mguu umekunjwa, fimbo kwapani, kama tuko kisimani.

"Sopa, Paskali," akanisalimia. "Na leo umepata mtu wa kucheza naye?"

Kwenye meza za jirani walikaa walimu na wafanyabiashara. Saa ya pili ikaisha, wengi wameshaanguka. Wakabaki watatu, kisha wawili, kisha nikabaki mimi. Na mimi nilikuwa nakufa. Bingwa alikuwa amenibana upande wa kushoto. Kila alipozunguka aliongeza mzigo juu ya mfalme wangu. Macho yangu yalikuwa hukohuko kushoto, kama mtu anayetazama moto unavyolisogelea banda lake. Bingwa akafika, akaitoa ngome yake moja kule nyuma, akaileta kushoto kumalizia kazi, akaenda dirishani kunywa maji.

Hapo nyuma yangu, kwa sauti ya chini na kwa Kimaa, Mzee Koinet akasema, "Mlinda mlango hayupo."

Basi, hayo tu. Hakuna aliyegeuka, pengine walidhani mzee anajisemea. Lakini macho yangu yalitoka kushoto kama yaliyovutwa kwa kamba, yakaenda nyuma ya ubao, upande wa Bingwa. Mfalme wake alikuwa amesimama nyuma ya askari wake watatu, na mstari wa nyuma ulikuwa umebaki na ngome moja tu ya kuulinda. Nikaona. Hatua mbili nilizipiga mimi mwenyewe, na bado najivunia uzuri wake. Nilimtoa malkia wangu sadaka. Ile ngome iliyobaki ikalazimika kumla na kutoka mahali pake. Ngome yangu ikashuka hadi mwisho. Mfalme wake akabanwa na askari wake mwenyewe kama ndama aliyebanwa na uzio. Bingwa akautazama ubao wote. Kisha akamlaza mfalme chini, akanipa mkono.

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu mmoja akapiga kelele, "Paskali, leo hata nauli ya kwenda choo utalipiwa!" Nikabebwa. Bingwa akaandika barua palepale, kwenye karatasi ya hoteli. Lakini kabla hajaweka sahihi aliinua kalamu, akaniuliza kwa lugha yake, ambayo mimi nilikuwa nikiizungumza vizuri sana, "Niambie kitu kimoja. Kwa zaidi ya nusu saa ulikuwa unatazama kushoto tu. Nilikuwa nauangalia uso wako. Ni kitu gani kilikugeuza?"

Aliuliza kama mtoto anayeuliza kwa nini mwezi unatufuata. Hakuwa na shaka wala hasira, alitaka tu kujua. Na ningeweza kumjibu.

"Niliona tu," nikasema. "Huwa naona."

Akaweka sahihi.

Nyuma ya hoteli mbuzi alikuwa tayari. Nikaombwa kusema maneno mawili, nikasema mia mbili. Nilieleza habari za magunia, za theluji, za stashahada. Nikamalizia hivi: "Akili ni nywele, jamani, kila mtu ana zake. Mimi zangu nilizitafuta peke yangu, na leo mmeziona!" Watu wakacheka na kupiga makofi.

Mzee Koinet alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni na sahani ya nyama mapajani. Hakuwa ameigusa. Akaiweka chini, akainuka, akasema neno moja.

"Layoni."

Makofi yakakatika. Hata wasiojua Kimaa hapa Karatu neno hilo wanalijua. Mzee akashika fimbo yake akatoka kuelekea kwenye lori la mnada lililokuwa likipakia watu wa Ngorongoro. Nilimfuata mbio, suti na yote. Sikumfuata kwa toba, nisikudanganye. Nilimfuata kwa hasira.

"Mzee, umeniaibisha mbele ya watu! Nimekukosea nini?"

Akanitazama kwa utulivu. "Mchezo wenu wa leo una sheria ya kumpa mtu jicho?"

"Hauna. Ni marufuku."

"Basi mimi nilikukosea. Sikujua. Kwa nini hukuinua mkono ukasema, huyu mzee amenena, mtoeni nje? Ningeona haya, ningetoka, ningekaa juani. Mambo yangeisha."

Nikaigusa barua mfukoni.

"Sasa tuje kwangu. Kwetu jicho linaruhusiwa. Lakini ukipewa, unamtaja aliyekupa. Ulikaa kwetu miaka miwili, umeona. Hukusema. Umesimama pale ukasema peke yangu, peke yangu, kama ng'ombe aliyezaliwa na jiwe." Akapanda ngazi ya lori, akageuka. "Sheria yao umevunja, yetu umevunja. Nataka kujua tu, Paskali. Wewe ni wa boma gani?"

Lori likaondoka. Nami nikabaki barabarani na barua mfukoni.

Mwanangu, nilijitetea usiku mzima. Nilijiambia kwamba mzee alisema maneno mawili tu, na hatua mbili zilikuwa zangu. Nilijiambia kwamba sikumwomba. Nilijiambia kwamba barua ile ni haki ya mtu aliyebeba magunia. Kila utetezi ulikuwa wa kweli, ndiyo maana haukunisaidia. Uongo mtupu ni rahisi kuufukuza, lakini ule uliovaa kweli mbilitatu hukaa kama mgeni mwenye heshima, unashindwa kumwambia aondoke. Kilichonishinda ni lile swali la mzee. Nilitafuta boma langu sikuliona.

Alfajiri nikadandia gari la mizigo hadi geti la kuingilia hifadhini, ambapo magari ya watalii hupanga foleni yakisubiri vibali. Nilimkuta Bingwa amekaa ndani ya gari, dirisha wazi, akimtazama nyani aliyekalia boneti ya gari la mbele, huku dereva wa gari hilo akimtukana nyani kwa Kichaga. Nikamwamkia. Nikamweleza yote, bila kupunguza na bila kupamba, nikaitoa barua nikamrudishia.

Hakukasirika. Akauliza, "Huyo mzee alisema nini hasa?"

"Kwamba mlinda mlango hayupo."

"Hakusema uchezeshe kipande gani?"

"Hapana. Hatua zilikuwa zangu."

"Hatua zilikuwa nzuri," akasema. Nilidhani atanirudishia. Aliikunja barua mara mbili akaitia katika mfuko wa shati lake. "Lakini humu nimeandika kwamba ulinishinda peke yako. Siwezi kuacha jina langu chini ya maneno hayo." Halafu, hata kabla sijameza mate, macho yake yakabadilika, akawa tena yule mtoto wa kuuliza kuhusu mwezi. "Anaonaje kitu ambacho hakipo? Mimi nimekitafuta kitu hicho maisha yangu yote. Nipeleke kwake."

Hakuteremka kreta siku ile, mwanangu. Alikuwa amesafiri nusu ya dunia kuiona, na aliipita kwa juu bila kusimama. Tulifika Olbalbal mchana, ng'ombe wakiwa kisimani. Mzee Koinet aliniona nikishuka na Mzungu, akaona uso wangu, akajua nimefanya nini. Hakunisifu. Alisema, "Umekuja," akampa Bingwa kigoda.

Nikakaa katikati yao kama mkalimani, nami sijawahi kufanya kazi tamu kuliko ile. Bingwa aliuliza, mzee akajibu. Mzee akauliza, Bingwa akajibu. Bingwa alisema hata yeye hahesabu vipande, bali hutazama ubao wote kama uso wa mtu anayemjua, na pakiwa na kasoro uso unakuwa mgeni. Mzee akapiga paja. "Ndivyo! Ng'ombe asipokuwepo, zizi lina uso mwingine." Akamjaribu: akamwonyesha ng'ombe kama thelathini, akamgeuza, akaondoa mmoja, akamwambia tazama. Bingwa akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Vijana wa mzee walicheka hadi wakashikana mabega, na Bingwa akacheka pamoja nao.

Kisha mzee akataka kujua mtu huyu ni nani huko kwao. Hapo mimi nikaona pa kung'ara. Sikumsubiri Bingwa; nikayamwaga mwenyewe yote niliyoyasoma: kusini, kaskazini, mara tatu mfululizo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Akauliza swali moja.

"Na waliompa jicho ni akina nani?"

Nilisita kulitafsiri. Niliona kama tusi kwa mtu wa cheo kile. Lakini nikalitafsiri.

Bingwa aliangalia vumbi kati ya viatu vyake. Halafu akaanza. Akamtaja baba yake, aliyemfundisha kwa taa ya stesheni. Akamtaja mwanamke jirani, mshona nguo, aliyemwonyesha kwanza jinsi ya kutoa kipande sadaka. Akamtaja rafiki wa ujanani. Zamani, alisema, mchezo mrefu uliweza kuahirishwa hadi kesho yake, na kwa sheria mtu aliruhusiwa kuketi na wenzake kuuchambua. Rafiki huyo alikesha naye katika kila shindano, na ushindi wa pili kati ya zile mara tatu ulikuwa wa jicho lake. Akamtaja mkewe. Akamtaja na mpinzani mmoja, aliyemwambia waziwazi udhaifu wake ulipo, kisha akashindwa naye kwa sababu hiyo. Kila jina alilitaja polepole, nami nikilirudia kwa Kimaa, na mzee kila mara akiitikia, "Eee." Pamoja na ya wengine, yalifika kumi na moja. La mwisho lilipotoka, Bingwa akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

Mwanangu, mimi nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa juu ya mtu yule. Katika majarida yote sikuwahi kukutana na hata moja ya majina yale.

Barua sikuipata tena. Aliniambia tulipoagana, "Ukishinda kwa macho yako, niandikie." Ilinichukua miaka. Nilishinda Arusha, nikashinda Dodoma, nikashinda Nairobi mbele ya watu walionicheka nilipoingia na suti yangu ya zamani. Makombe yapo, karibu uyaone. Nikaenda mashindano ya ng'ambo mara moja, umri ukiwa umekwishanipita, nikarudi na pointi chache na mafua. Cheo cha Bingwa Mkuu sikukipata. Bado naiwaza barua ile, nisikudanganye. Mara nyingine nikinywa chai asubuhi nawaza ingekuwaje. Lakini tangu siku ile, kila niliposhinda nimesimama nikasema mbele ya watu ni nani aliyenifunza kila nilichokitumia, na orodha inazidi kuwa ndefu. Mwalimu wa hesabu Endamarariek. Mpishi wa bwenini. Na yule mama wa Mang'ola aliyekuwa akinifichia uji. Maana nilikuambia hakuna aliyenishika mkono, na unaona, hata leo ulimi unateleza.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe uichukue ukiwa bado na magoti mazuri. Ninyi mnaocheza Jumamosi hapa kwangu mna simu mfukoni, na simu inajua hatua kuliko Bingwa yeyote. Itakunong'oneza, na hakuna atakayeisikia. Penye sheria inayokataza msaada, inua mkono, hata kama ni ushindi wako unaoutoa. Penye ruhusa ya msaada, pokea kwa mikono miwili, kisha umtaje aliyekupa, umtaje kwa jina na kwa sauti, wala usingoje aulize. Usijidanganye kwamba kumtaja kutakupunguza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna aliyewahi kukidharau kidole gumba kwa sababu kilisaidiwa. Jisifu, sikukatazi, mimi mwenyewe sijaacha. Ila sifa yako iwe na watu ndani yake. Na ukikutana na mtu anayejua usichokijua, awe hajasoma, awe ananuka moshi na maziwa, muulize. Mimi nilisimama na mtu wa namna hiyo miaka miwili, nikamfundisha, sikumuuliza hata siku moja anaonaje. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma kuliko barua.

Nenda, mwanangu. Mvua ikukute umepanda, na kiangazi kikukute umevuna. Njia zako ziwe na baridi tamu kama asubuhi ya Mbulu. Ukipotea, apatikane wa kukuita kwa jina. Ukifika, uwe na wa kuwaita. Mungu akupe wapinzani wenye ukweli na marafiki wasiokuogopa, akupe na uzee wenye maswali. Na siku utakayoketi na walio wadogo kwako, ukaanza kuwataja waliokufikisha, jua lizame ungali hujamaliza.